Tupa ya Gachanja

Mara ya kwanza kufika kwa mzee Kimaiyo nilikuwa natoka Njoro kwa miguu, nikipanda kuelekea Mau Narok. Mvua ikanikamata njiani, nikabisha mlango wa kwanza niliouona. Mimi nimekuwa mtu wa kutembea maisha yangu yote, na watu wa huko juu ukiwafikia umelowa hawakuulizi sana. Mkewe, Jerop, ambaye wote walimwita Mama Chepkemei, alinipa hindi la kuchoma na chai yenye maziwa kuliko majani. Nilipomaliza nikabaki na gunzi mkononi, nikauliza, "Mzee, hii nitupe wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeguswa kidonda.

"Uliza 'niweke wapi'," akasema. "Ama useme 'nimwage'. Hiyo neno yako hapa kwangu hatutumii."

Mama Chepkemei akacheka ndani ya leso yake. "Mgeni, usishangae. Huyu mzee hatupi kitu. Anamwaga, anaweka, anaacha. Hata mavi ya kuku anasema anayahamisha."

Siku ile sikuuliza zaidi. Lakini nilirudi kwao mara nyingi, maana njia zangu zilipita hapo, na habari hii niliipata vipande vipande, vingine kwa mzee mwenyewe akiwa na moyo wa kusema, vingine kwa mkewe mzee akiwa ametoka nje. Nimeviunga nilivyoweza. Mtu kama Kimaiyo hakuna mahali pengine atakapoandikwa, na mimi naona alistahili.

Miaka ya hamsini ilipoanza alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Koti, kwa sababu hata jua likiwaka namna gani hakulivua koti lake. Upande mmoja wa shamba ulikuwa ngano, upande wa pili ng'ombe. Kimaiyo alikuwa wa ng'ombe. Rafiki yake Gachanja alikuwa wa ngano, kazi yake kushona magunia na kurekebisha nyua za waya. Nyumba zao zilitenganishwa na kijito ambacho mtoto angeweza kukiruka, na wake zao, Jerop na Wamaitha, walifua nguo kwenye jiwe moja.

Sasa, huyu Gachanja hakuwa seremala wa kazi. Hilo nataka lieleweke. Hakuna aliyemwandika kuwa seremala na hakuna aliyemlipa. Ilikuwa kupenda tu. Jumapili wenzake wakitoka kanisani, huyu analala, yule anakwenda kutafuta pombe, yeye anavua koti lake la kanisa na kuingia katika kibanda nyuma ya nyumba yake, kibanda alichokiezeka kwa madebe yaliyopasuliwa, na hapo utasikia randa ikilia mpaka ng'ombe warudi. Walimwita Fundi wa Jumapili, na hawakuwa wakimsifu.

Vyombo vyake alijitengenezea mwenyewe. Randa yake ya kulainishia mbao ilikuwa na mwili wa mutamaiyo, ule mti mgumu unaoota sana huko Mau, na wembe wake aliukata kwenye springi ya lori iliyovunjika. Msumeno wake ulikuwa kipande cha msumeno mkubwa wa wapasua mbao, alichokiokota na kukichonga meno upya, jino baada ya jino. Keekee yake ya kutobolea mbao ilikuwa nondo aliyoikunja kwa moto, yenye kichwa cha mti kilichong'aa kwa kusukumwa na kiganja. Tena alikuwa na chombo cha kubana mbao zikikauka gundi, alichokiunga kwa kipande cha bomba la maji na bolti ndefu ya plau. Ukikiona kwa mbali hukijui ni kitu gani. Hicho mkikumbuke.

Kitu kimoja tu ndicho kilichotoka dukani, nacho ni tupa. Kwa yule ambaye hajafanya kazi za mikono, tupa ni kile chuma chenye mikwaruzo kinacholamba chuma kingine. Ndicho kinachonoa msumeno, ndicho kinachotia panga makali. Gachanja aliinunua Nakuru, katika duka la vyuma la Mhindi mmoja, akaifunga kwa kitambaa chenye mafuta, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika kabla ya kupangusa mikono.

"Hii ndiyo mama yao," alikuwa akisema. "Hawa wengine wote imewazaa. Randa ikivunjika nitatengeneza ingine. Tupa siwezi."

Kimaiyo alifika huko kwa ajili ya kigoda chake cha kukamulia, kilichovunjika mguu.

"Wewe mtu wa maziwa," Gachanja akamwambia, "hii kitu ulikuwa unakalia ama ulikuwa unapasua na shoka?"

"Ni ng'ombe imepiga teke."

"Basi ng'ombe ndiyo fundi yako. Kaa hapo, shika hapa, na usitingishe."

Akashika. Jumapili iliyofuata akarudi na hakuwa na kitu kilichovunjika. Tangu hapo hakuacha. Mwanzoni alikuwa mzito kweli kweli, akisukuma randa kinyume cha nyuzi za mti mpaka mbao inachubuka, na Gachanja anajishika kiuno kwa kucheka.

"Mutamaiyo na Kimaiyo! Leo nimejua nyinyi ni ndugu. Wote kichwa ngumu."

"Ndiyo sababu randa inatoka kwa sisi," Kimaiyo anajibu. "Mtu laini kama wewe utatengenezwa nini? Mwiko ya uji."

Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao, maana huyu Mkikuyu hakujua Kikalenjin na yule Mkalenjin hakujua Kikikuyu, na hicho Kiswahili chenyewe wote walikiokotea shambani. Walikivunja wanavyotaka na walielewana. Tena walikuwa na mchezo wao. Kazi ikiisha Kimaiyo anauliza, "Tupa niweke wapi?" Gachanja naye anajibu, "Popote, lakini tupa haitupwi." Wanacheka wote wawili kama ndiyo mara ya kwanza. Mama Chepkemei aliniambia alichoka na mchezo huo kabla ya mtoto wake wa kwanza kuota meno.

Halafu serikali ya wakoloni ikatangaza hali ya hatari. Wakikuyu wa mashambani wakaanza kuondolewa, kupelekwa kambini Nakuru, na kutoka hapo kurudishwa Ukikuyuni, hata wale waliozaliwa hapa hapa na ambao huko Ukikuyuni hawakuwa na jiwe la kukalia. Askari wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta bunduki za kujitengenezea, zile za bomba na komeo la mlango. Ikafika mahali mtu kuwa na kipande cha bomba tu ni kesi.

Lori lilikuja shamba la Bwana Koti mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tatu, asubuhi, kukamua kumekwisha. Kimaiyo alikuwa amesimama kando ya mikebe ya maziwa pamoja na wakamuaji wengine. Hakuna aliyesogea. Kila mmoja aliogopa kuulizwa, huyu ni rafiki yako? Wamaitha alipanda na sufuria, blanketi na mtoto wao Wangare mgongoni. Gachanja alipanda wa mwisho, akasimama nyuma kabisa, ameshika ubao wa lori, macho yake yakitafuta. Alipomwona Kimaiyo, dereva alikuwa ameshawasha.

"Kimaiyo!" akapaza sauti. "Tupa! Kwa sanduku! Hiyo tupa, wewe! Tupa!"

Injini ilikuwa ikinguruma. Kimaiyo akainua mkono, akaitikia kwa kichwa.

Gachanja akaona. Uso wake ukalegea kama mtu aliyetua mzigo, akakaa chini katikati ya mablanketi, na lori likaondoka. Mzee alinieleza habari za uso huo zaidi ya mara moja. Nafikiri hakuwahi kuacha kuuona.

Kabla watu hawajabomoa kibanda na nyumba na kuiba mabati na milango, Kimaiyo alivuka kijito, akalichukua sanduku la vyombo, akalifunika kwa gunia na kulisukuma chini ya kitanda chake. Jerop alimkuta hapo amepiga magoti.

"Baba Wangare alisema nini kwa lori?"

"Alisema nitupe."

"Utupe nini?"

"Vyombo."

Jerop akakaa kitandani. "Baba Wangare atupe vyombo? Yule mtu analala na randa kuliko bibi yake?"

"Nilisikia na maskio yangu. Tupa, tupa. Unataka askari wapate hii?" Akakivuta kile chombo cha bomba na bolti, akamwonyesha. "Hii utasema ni nini? Utawaambia inabana mbao? Mpaka umalize kueleza nitakuwa wapi?"

Jerop alikitazama. Kweli kilifanana. "Basi tupa hiyo bomba peke yake," akasema.

Maneno hayo Kimaiyo aliyasikia, lakini alikuwa ameshaanza kuogopa, na uoga ukianza haukai kwa bomba peke yake. Aliona kila chuma sandukuni kina macho.

Kesho yake ilikuwa siku ya dipu. Mnajua dipu ya ng'ombe ilivyo: ni mtaro mrefu wa simenti, wenye kina, uliojaa maji ya dawa, ng'ombe anaruka upande mmoja, anaogelea, anatokea upande wa pili kupe wakiwa wamekufa. Kimaiyo alitangulia kabla ya ng'ombe, sanduku begani limefunikwa gunia. Akaliachilia ndani. Lilielea kidogo, likageuka upande, kama linatafuta mtu wa kulishika, halafu likazama.

Siku chache baadaye askari walikuja na nyapara wa shamba, Odero, Mjaluo mrefu mwenye sauti ya tarumbeta. Walipindua kitanda, wakamwaga unga, wakachoma majani ya paa kwa fimbo. Hawakupata kitu.

"Kimaiyo, wewe mtu safi," Odero alisema wakati wa kutoka. "Mimi nilikuwa na wasiwasi na wewe, vile ulikuwa unashinda kwa huyo Fundi wa Jumapili. Na vyombo yake ilienda wapi?"

"Sijui," Kimaiyo akasema. "Labda walichukua."

"Nani?"

"Hao walichukua milango."

Odero akaridhika, na shamba lote likashika hivyo: vyombo vya Gachanja viliibwa pamoja na mabati na milango na kuku.

Kimaiyo alikaa salama. Jumapili ikafika. Hakuwa na mahali pa kwenda, akachukua panga lake akatoka nalo nje kulinoa, apitishe wakati. Akaita nyumbani, "Mama Chepkemei! Niletee ile tu..."

Neno likakaa mdomoni.

"Nikuletee nini?" Jerop akauliza kutoka jikoni.

"Hapana. Basi."

Alikaa pale na panga butu magotini mpaka jua likahama. Ile tupa. Kwa sanduku. Hiyo tupa, wewe. Akajaribu kujitetea: lori lilikuwa na kelele, mtu hawezi kusikia vizuri, na tupa ni tupa, ni neno moja. Lakini kila akifika hapo anakumbuka ule mchezo wao. Tupa haitupwi. Ameusikia Jumapili ngapi? Mtu gani katika dunia nzima angepaswa kujua Gachanja akisema tupa anasema nini, kama si yeye?

Jambo hilo lilimkaa. Kila siku ya dipu alisimama pale pale akihesabu ng'ombe wakiruka, na maji yakitulia anayatazama. Akapunguza kula. Kanisani, mhubiri akisoma habari yoyote ya rafiki, yeye anaangalia viatu vyake.

Mwishoni akaamua kuvitengeneza upya, pamoja na sanduku. Vyote. Gachanja akirudi, kama atarudi, avikute. Hakuwa na kibanda, akafanyia kazi nyuma ya nyumba chini ya paa la kuni. Tawi la mutamaiyo alilipata kwenye ua wa Bwana Koti, akalikausha juu ya meko muda mrefu, Jerop akilalamika kwamba linadondosha masizi kwenye mboga. Randa ya kwanza ilipasuka katikati. Ya pili ikatoka na mdomo mpana mno, yaani ule upenyo ambamo wembe unatokeza. Hakuwa na nguvu ya kuanza ya tatu, akaiacha hivyo.

Viganja vyake vikawa vigumu kama msasa, na ng'ombe hawapendi. Mkamuaji ni mikono laini. Wakaanza kumpiga mateke, maziwa yakapungua, na Odero akamgombeza mbele ya wenzake, "Wewe unakamua ama unapasua kuni?"

"Unatengenezea nani hivi vyote?" Jerop alimwuliza siku moja.

"Mwenyewe."

"Na mwenyewe akija utamwambia nini?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini, Baba Chepkemei?"

Akainama akaendelea na msumeno.

Katika mwaka wa hamsini na tano dipu ilikaushwa isafishwe. Kazi ile hakuna anayeitaka, maana matope yake ni sumu na yanachoma. Kimaiyo alijitolea. Wenzake wakashangaa, wakasema ng'ombe wamempiga teke la kichwa. Aliingia mpaka magotini, akawa anapapasa kwa nyayo. Mbao za sanduku zilikuwa zimelegea kama ugali. Vyuma vingi vilikuwa vimeliwa, ukishika vinamomonyoka. Lakini tupa ilikuwepo. Kutu imeifunika yote, mikwaruzo imezibwa, hailambi chuma tena wala siagi. Akaiingiza ndani ya shati.

"Umeokota nini?" Odero akauliza kutoka juu.

"Chuma tu. Nitatengeneza patasi."

Ile dawa ikamchoma tumboni, na alama ya tupa ilibaki hapo. Mimi nimeiona.

Na patasi ndiyo aliyotengeneza, kwa sababu tupa iliyokufa haifufuki. Mafundi wengi hufanya hivyo, tupa ikiisha wanaitia moto, wanaigonga, wanaisugua kwenye jiwe mpaka inakuwa patasi ya kuchimbia mbao. Ilitoka vizuri kuliko vyombo vyake vyote. Karibu na mpini tu, mahali nyundo haikufika, mikwaruzo michache ya zamani ilibaki.

Gachanja alirudi baada ya mvua ndefu za hamsini na nane. Bwana Koti alikuwa akihitaji watu wa ngano. Alikuja peke yake kwanza, Wamaitha na mtoto wamfuate akipata nyumba. Alikuwa amekonda, mvi zimemwingia, na alisimama kijitoni akitazama mahali nyumba yake ilipokuwa, pakiwa pamelimwa viazi. Kimaiyo akamvusha kwa mkono, akamweka kwenye kigoda chake, Jerop akapika chai.

Maneno Kimaiyo alikuwa nayo tayari. Alikuwa ameyapanga miaka yote hiyo. Akaenda kulileta sanduku alifikishe pamoja na maneno. Lakini Gachanja alilidaka mikononi mwake kabla hajafungua kinywa, akainua kifuniko, akaiona randa, imepakwa mafuta, imeiva kwa moshi. Machozi yakamtoka.

"Ulinitunzia," akasema.

Nyumba ilikuwa na giza, na miaka ilikuwa mingi. Nafikiri hakuwa anatazama randa. Alikuwa anatazama kurudi kwake. Kimaiyo alisimama pale na maneno yake yote, na hakusema hata moja. Jerop akaondoa vikombe kabla havijaisha chai.

Jumapili, kanisani, mhubiri alipouliza kama kuna mwenye shukrani, Gachanja akasimama.

"Watu walichukua mabati yangu," akasema. "Walichukua mlango, walichukua kuku, na mimi nimesamehe. Lakini kuna mtu mmoja, na si wa kabila yangu, nilimwachia sanduku yangu nikiwa kwa lori, na nimerudi nimeikuta. Hata randa imepakwa mafuta. Huyo mtu amekaa hapo."

Kanisa zima likageuka. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kimaiyo alikaa. Jerop, upande wa kina mama, alikuwa akitazama sakafu.

Mchana ule Gachanja akaja kwao na mbao begani. Alitaka kumtengenezea Wamaitha kabati, alikute akifika. Akatoa vyombo kimoja kimoja na kuvipanga chini, akipiga mluzi. Akashika msumeno, akapitisha kidole kwenye meno.

"Hii inataka kunolewa kwanza. Tupa iko wapi? Sijaona tupa."

Kimaiyo alikuwa na jibu jepesi, lile lile alilompa Odero, kwamba walichukua. Jerop alikuwa mlangoni na ungo wa maharagwe, mikono yake ikasimama.

"Tupa nilitupa," Kimaiyo akasema.

Gachanja akaangua kicheko. "Wewe! Bado unakumbuka hiyo mchezo! Leta, bwana."

"Nilitupa, Baba Wangare. Ndani ya dipu. Na randa, na keekee, na msumeno. Sanduku yote."

"Sanduku si ni hii?"

"Hii nimetengeneza mimi."

Gachanja akachuchumaa. Akaichukua randa, akaipeleka kwenye mwanga, akatia kidole gumba katika mdomo wake. Akaiweka. Akachukua patasi, akaigeuza, akaona ile mikwaruzo karibu na mpini, akaisugua taratibu kwa kidole kile kile.

"Hii ilikuwa tupa."

"Ndiyo yenyewe. Niliitoa kwa matope wakati walisafisha."

"Kwa nini, Kimaiyo?"

"Ulisema tupa. Kwa lori. Lori ilikuwa inanguruma, nikasikia umesema nitupe."

"Nilisema uchukue tupa, uweke! Hizo zingine zipotee, hiyo ibaki!"

"Najua."

"Umejua sasa, ama ulijua siku hiyo?"

Jerop aliniambia hapo alimwombea mumewe aseme uongo, Mungu amsamehe.

"Maskio ilisikia tupa tu," Kimaiyo akasema. "Ni uoga ilichagua ni tupa gani. Nami nikaiacha ichague."

Kuku walikuwa wakidonoa maranda. Gachanja aliipangusa patasi kwa pindo la shati.

"Ya dipu naweza kuelewa," akasema mwishowe. "Siku hizo nani hakuwa na uoga? Mimi pia ningetupa, labda. Lakini leo asubuhi nimesimama kanisani."

"Ndiyo."

"Na wewe ukakaa."

"Nilikaa."

Akavirudisha vyombo sandukuni, randa, keekee, msumeno, hata chombo cha kubana, ambacho Kimaiyo alikitengeneza kwa mti mtupu bila kuthubutu kutia bomba. Akafunika.

"Hizi ni zako. Wewe ndiyo fundi yake."

"Nilitengenezea wewe."

"Najua. Lakini mimi nachukua yangu." Akasimama na ile patasi, akabeba mbao zake, akaruka kijito.

Wiki nzima hakuonekana. Jumapili iliyofuata, kabla mhubiri hajauliza kama kuna mwenye shukrani, Kimaiyo alikuwa ameshasimama. Akasema sifa alizopewa si zake. Akasema, "Gachanja aliniambia nichukue tupa, na mimi tupa nikaitupa."

Kanisa likacheka. Si kwa ubaya, ni hayo maneno yenyewe yalivyogongana. Watu walifikiri anachekesha. Odero alicheka mpaka akakohoa, mama mmoja akafunika uso kwa kitabu. Kimaiyo akabaki amesimama katikati ya kicheko, akangoja kiishe, halafu akayasema yote upya kutoka mwanzo: lori, kitanda, dipu, uongo wake kwa nyapara. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Gachanja, mstari wa mbele, hakucheka hata mara ya kwanza, na hakugeuka.

Nje, watu wakisalimiana, Gachanja alimjia.

"Niazime randa," akasema. "Ile yako."

"Chukua kabisa."

"Sitaki kabisa. Niazime. Mdomo wake ni mpana, lakini itafanya."

Kabati lilimalizika kabla ya Wamaitha kufika. Gachanja akairudisha randa siku ile ile, akamwekea Kimaiyo mkononi. Akaja tena kuiazima, tena na tena. Akajenga kibanda kipya, akanunua tupa mpya, na Jumapili wakawa wanafanya kazi pamoja kama zamani, miaka mingi, mpaka mmoja alipomzika mwenzake. Ni Kimaiyo aliyebaki.

"Basi mambo yaliisha vizuri," nilimwambia, siku aliponimalizia habari.

"Kazi ilirudi," mzee akasema. "Chai ilirudi. Hata matusi ya mutamaiyo ilirudi." Akavuta kigoda karibu na moto. "Siku ya kwanza kwa kile kibanda kipya, kazi imeisha, nikashika ile tupa mpya. Nikamwuliza, kama zamani, 'Tupa niweke wapi?' Nikangoja. Aliniangalia, akaangalia chini. Akasema, 'Weka hapo juu.' Tangu siku hiyo mpaka alikufa, hilo neno lingine la mchezo wetu hakuwahi kuniambia. Kwa sababu ya kunihurumia, unaona. Sasa mimi niliseme vipi?"

Mama Chepkemei hakucheka. Nilikuwa na gunzi mkononi siku hiyo pia. Nikaliweka motoni, likashika, likawaka.